Niliokoka Nikitafsiri

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya uinjilisti, jambo la kwanza ninalotaka kuwaambia linahusu mbwa. Usiingie mji wa mtu ukiwa umeshika Biblia juu juu kama fimbo. Mbwa wa huku hajui kuwa hicho ni kitabu, anachoona ni mkono ulioinuliwa. Weka Biblia kwenye mfuko, simama langoni, piga hodi, ngoja uitikiwe. Mimi niling'atwa hapa hapa Ringwani, nilipokuwa bado mgeni. Mwenye mbwa alipotoka akanikuta nimeshika mguu, akasema, "Kumbe huyo Yesu wako hafukuzi mbwa." Nilicheka huku machozi yananitoka. Akaniletea kigoda na maji ya kuoshea kidonda, tukaongea mpaka jua likapoa. Baadaye mzee yule alibatizwa, na mimi husema aliyemleta kanisani ni mbwa wake.

Sasa nimestaafu. Kanisa lilinipa kitenge na kiti cha plastiki chenye mikono, wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea maisha marefu. Naishi hapa Ringwani peke yangu. Mwinjilisti aliyechukua nafasi yangu ameniomba niwaandikie ninyi mnaokuja. "Bibi," aliniambia, "waandikie mbinu."

Mbinu nitawapa. Lakini kwanza mjue mnayemsoma ni nani. Nikisimama jukwaani kutoa ushuhuda huwa nafupisha: nilikuwa mlevi, nikaokoka, haleluya. Watu wanapiga makofi, mchungaji anapokea kipaza sauti. Leo sina haraka, na hakuna anayesubiri kipaza sauti, kwa hiyo nitasimulia na yale ambayo makofi huwa yanayafunika.

Naitwa Robi. Nilizaliwa Tarime, ila nililelewa Musoma kwa shangazi yangu aliyeuza samaki sokoni. Huko ndiko nilikojifunzia Kiswahili, na matusi yake yote. Nikaolewa nikiwa binti mdogo. Sikujaliwa mtoto, na mnajua kwetu mwanamke asiye na mtoto anavyotazamwa. Mawifi walianza kunisema chinichini, baadaye wakasema waziwazi, nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Niliwajibu kwa mdomo, halafu kwa ngumi. Mume akachoka, nikaondoka na sanduku langu kichwani, nikaenda Kewanja, kule karibu na mgodi, ambako mtu akija na sanduku kichwani hakuna anayemuuliza katokea wapi.

Kewanja ndiko nilikokutana na Bhoke. Alikuwa ametokea Genkuru, mjane, mnene, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Alikuwa na nyumba ya udongo pembeni ya njia wanayopita watu wa mgodini, na nyuma ya nyumba alikuwa na pipa la kupikia gongo. Alinitazama nilivyosimama na sanduku, akasema, "Unajua kuchochea moto?" Nikasema najua. Akasema, "Basi ingia."

Tukakaa pamoja miaka mingi. Tulipika, tukauza, na tukanywa. Mimi nilikunywa kuliko yeye. Nilijulikana pale kwa mdomo wangu. Mgambo mmoja alikuja kutumwagia mzigo, nikamkimbiza kwa mwiko wa ugali hadi barabarani, wateja wakinishangilia. Wanaume walikuja kunywa kwa Bhoke, lakini walikaa kwa sababu yangu, kwa kuwa nilikuwa naigiza watu. Nilimwigiza mwenyekiti wa kijiji, nikamwigiza mwalimu mkuu, nikawaigiza walokole wanavyoomba huku wamefumba macho. Bhoke alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

Nawaambia haya ili muelewe: sikuwa na huzuni ya kuonekana. Mtu aliyepotea si lazima umkute analia. Wengi mtawakuta wanachekesha wenzao.

Kulikuwa na nesi pale zahanati, Atupele, Mnyakyusa wa Mbeya, serikali ilikuwa imemleta kwetu. Mwembamba, mpole, sauti kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Jumamosi alikuwa anahubiri uwanjani karibu na soko. Shida yake ilikuwa lugha. Vijana walimwelewa, lakini wazee na akina mama waliotoka mashambani walikuwa wanasikia Kikurya tu. Kwa hiyo alikuwa na mkalimani, baba mmoja wa kanisani. Jumamosi moja mkalimani akashikwa na malaria, nesi akasimama pale peke yake akihubiri, na watu wakawa wanamtazama kama wanavyotazama redio iliyopoteza stesheni.

Sisi tulikuwa tumekaa ng'ambo ya uwanja. Wateja wakaanza utani. "Mpelekeeni Robi! Robi anajua Kiswahili kuliko wote!" Nilikuwa nimeshaonja tangu asubuhi. Bhoke akanisukuma mgongoni. "Nenda ukatuchekeshe."

Nikaenda. Nesi Atupele aliniona nikija, na harufu yangu ilifika kabla yangu. Angeweza kunikataa. Alisogea pembeni kidogo, akaniachia nafasi kulia kwake, akasema, "Asante, dada. Mimi nitasema kidogo kidogo, na wewe utasema kidogo kidogo."

Akaanza, "Ndugu zangu, Yesu anabisha hodi mlangoni kwako." Mimi nikatafsiri, "Nesi anasema anakuja majumbani kwenu na sindano, fungeni milango." Uwanja mzima ukacheka. Nesi akatabasamu, hajui. Akasema, "Amekuja kukuletea raha." Nikasema, "Anatafuta mume, mwenye ng'ombe asogee mbele." Wazee wakacheka mpaka kofia zikawaanguka. Bhoke namsikia kutoka ng'ambo.

Lakini nesi hakuwa mjinga. Alisikia kicheko kisichofanana na maneno yake. Akageuka, akanitazama. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaacha mahubiri aliyokuwa ameyaandaa, akaanza kusimulia habari zake mwenyewe, polepole.

"Nilipoletwa huku sikumjua mtu," alisema.

Sasa, vijana, kuna jambo moja kuhusu ukalimani ambalo sikulijua siku ile. Mkalimani hasemi "yeye anasema". Akiingia kazini vizuri anasema "mimi". Mwanzoni nilikuwa nasema "nesi anasema, nesi anasema", ndiyo maana utani ulikuwa rahisi. Hapo, sijui kwa nini, labda kwa kuwa alikuwa anasema kwa kasi ndogo na sikupata nafasi ya kutunga kichekesho, nikatafsiri kama ilivyokuja. Nikasema kwa Kikurya, "Nilipokuja huku sikumjua mtu."

Akasema, "Mchana nilicheka na watu." Nikasema, "Mchana nilicheka na watu."

"Jioni nikifunga mlango, sikuwa na kitu."

Nikalisema. Nikasikia sauti yangu inalisema. Na uwanja ukanyamaza. Watu walikuwa hawamtazami nesi tena, walikuwa wananitazama mimi. Walidhani ni habari zangu. Akina mama waliokuwa wamefunika midomo kwa kanga wakicheka, wakazishusha.

Nesi akaendelea, "Nilichoka kuwa mtu yule yule kila siku, nikawa sijui wa kumwambia."

Nikafungua mdomo, Kikurya kikaja chenyewe, na katikati ya sentensi sauti ikanikatika. Mzee mmoja mbele, mteja wetu wa kila siku, alivua kofia akasema, "Robi, pole. Hatukujua."

Nilitaka kumwambia, "Mzee, ni maneno ya nesi haya." Ulimi ulikataa, kwa kuwa ingekuwa uongo.

Sikuanguka chini. Sikuona mwanga. Nilimaliza kutafsiri mpaka mwisho, nesi akaomba, mimi nikatafsiri na maombi. Halafu akanipeleka nyumbani kwake akanipa chai ya maziwa, wala hakunihubiria. Alisema tu, "Dada Robi, wiki ijayo mkalimani wangu atakuwa bado mgonjwa." Baadaye nilikuja kujua kuwa yule baba alipona Jumatatu.

Jioni ile niliporudi, Bhoke alikuwa anaosha vikombe. "Mwanzo ulituvunja mbavu," alisema. "Halafu ukaharibu."

"Niliharibu vipi?"

"Ulisema kweli."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sijanywa. Na nyingine. Nilikuwa nauza gongo Ijumaa na kutafsiri Injili Jumamosi, na watu wa Kewanja waliona ni jambo la kuchekesha kuliko vyote. Lakini ukisema maneno kwa kinywa chako wiki baada ya wiki, "mimi nimesamehewa", "mimi nimeanza upya", inafika siku masikio yako yanakuuliza kama unasema kweli. Siku hiyo ilinifikia nikiwa nyuma ya nyumba, nachochea moto chini ya pipa. Niliweka kuni chini. Nikapiga magoti pale pale kwenye majivu, mbele ya pipa, nikasema kwa lugha ya mama yangu yale niliyokuwa nikiyasema kwa ajili ya mtu mwingine. Safari hii hapakuwa na aliyenitangulia kuyasema.

Nikaingia ndani nikamwambia Bhoke kuwa siwezi kupika tena.

Akasema, "Na mimi?"

"Twende wote."

"Sikuuliza hivyo," alisema Bhoke. "Nimeuliza, na mimi nitakaa na nani?"

Nilichukua sanduku langu. Alinisindikiza hadi mlangoni na hakutokeza nje.

Mnapohubiri kuhusu wokovu mnasema mtu anatoka gizani anaingia kwenye familia kubwa. Ni kweli, lakini msimfiche mtu kuwa kati ya kutoka na kuingia kuna uwanja mpana, na anauvuka peke yake. Wateja wetu waliacha kunisalimia, waliona nimewadharau. Kanisani nako akina mama walikuwa wanasogea nikikaa kwenye benchi, wanavuta na mikoba yao. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwenye kikao, nami nipo, "Huyu asisimame mbele mpaka tuone." Nilionwa kwa muda mrefu. Nilifagia kanisa, nikachota maji ya wageni, nikakaa benchi la nyuma ambalo hakuna aliyekaa. Jumamosi tu ndiyo nilikuwa na kazi, pembeni ya nesi Atupele.

Hapo niweke mbinu, kabla sijasahau. Ukitafsiri, usimtazame mhubiri, watazame watu. Ukiona mama anainamisha kichwa upande, hajaelewa, rudia kwa namna nyingine. Kuna maneno hayana mwenzake kwa Kikurya. Neno neema lilinitesa sana. Nililitafsiri kama zawadi, wazee wakatikisa vichwa, kwa kuwa zawadi kwetu inarudishwa. Mwishowe nikasema, "Fikirini mtu analeta ng'ombe kwenye boma lako. Hadai binti yako. Hakuna damu anayolipia. Anafunga ng'ombe, anaondoka." Mzee mmoja akasimama akasema, "Mtu huyo ana wazimu." Nikamwambia, "Ndiye huyo tunayemhubiri." Nesi aliniuliza baadaye ng'ombe wametoka wapi katika mahubiri yake.

Kisha uhamisho ukaja. Mnajua watumishi wa serikali, barua inafika na mtu anafunga mizigo. Nesi Atupele alirudishwa kwao. Asubuhi ya kuondoka alinishika mikono yote miwili kituoni, akasema, "Jumamosi usikose." Nikasema, "Nitamtafsiria nani?" Gari likaondoka akiwa hajanijibu.

Jumamosi nilikwenda kwa mazoea. Watu walikuwa wamekuja, nao kwa mazoea. Nikasimama mahali pangu, kulia, na kushoto kwangu pakawa wazi. Tulitazamana. Mama mmoja akasema, "Sema basi." Ndipo nikahubiri mara ya kwanza. Nilisema sentensi moja kwa Kiswahili, nikanyamaza kungoja mkalimani, nikakumbuka mkalimani ni mimi, nikairudia kwa Kikurya. Nikaenda hivyo hadi mwisho, najitafsiri mwenyewe. Watu walicheka, lakini hawakuondoka. Mpaka nastaafu nilikuwa na tabia ya kunyamaza kila baada ya sentensi. Wengine walidhani ni Roho. Ilikuwa mazoea tu ya kumwachia mtu nafasi, na mtu mwenyewe hayupo.

Yule mzee aliyesema nisisimame mbele ndiye aliyepeleka jina langu nikasomee uinjilisti. Hakuniambia kwa nini. Nikapangiwa Serengeti, nikazunguka vijijini kwa miguu, kisha kwa baiskeli, kisha kwa bodaboda, na hapa Ringwani ndipo nilipokaa kuliko kote. Nimezika watu, nimeongoza vikao vya ndugu waliokuwa wameshikiana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kwenye ugomvi wa namna hiyo usianze na maombi. Anza na chakula. Mtu mwenye ugali mdomoni hapigi kelele.

Upweke wa kazi hii hawataufundisha chuoni. Watu watakuita wakifiwa, wakiuguliwa, wakigombana. Wakiwa na furaha wananyamaza ukipita, wanaficha vikombe, wanasubiri upite. Nilikuwa napita kwenye miji watu wanacheka, na kicheko kinakatika nikitokeza. Mimi, Robi, niliyekuwa nakianzisha. Nyumbani nikawa naigiza watu peke yangu, nikimwigiza mwenyekiti wa usharika anavyokohoa kabla ya sadaka, halafu nasikiliza kimya.

Kila nilipokwenda Tarime nilipitia Kewanja kumwona Bhoke. Alinipokea nje, kwenye kigoda, hakunikaribisha ndani. Mwanzoni nilimhubiria. Siku moja akanikatiza: "Robi, ukija kama mwinjilisti, nimeshakusikia. Ukija kama Robi, kaa." Nilikuwa mchanga katika imani, nikaona kukaa bila kuhubiri ni kumwonea haya Bwana. Nikaaga. Ikapita miaka nisipite njia ile.

Nilipostaafu nikapigiwa simu na mpwa wake. Bhoke alikuwa amerudi kwao Genkuru, anaumwa ini, na nyumba ile kule Kewanja ilishauzwa. Nilifunga mlango wangu nikaenda. Nilimkuta amekonda, mikono kama ya mtoto, tumbo tu ndilo limejaa. Alinitazama, akasema, "Nani kaja?"

Nikajua anauliza nini. Nikasema, "Robi."

"Basi kaa."

Nikakaa. Nilimwogesha, nikampikia uji wa mtama na ulezi, nikamgeuza asubuhi na jioni. Sikumhubiria. Niliomba moyoni kila wakati, hilo sikuahidi kuliacha, lakini mdomo niliufunga. Mchungaji wa pale alikuja mara mbili, Bhoke akajifanya amelala. Alipoondoka akafumbua jicho moja akasema, "Haya, mwigize." Nikamwigiza, anavyoinua suruali kabla ya kukaa. Alicheka, na kicheko kile kilimuuma, akashika tumbo huku akiniashiria niendelee.

Siku moja mchana aliniuliza, "Yale uliyosema uwanjani, siku ile umelewa. Yalikuwa ya nesi au ya kwako?"

"Ya nesi," nilisema. "Na ya kwangu."

Akatikisa kichwa kukubali. "Nilijua. Ndiyo maana nilikasirika. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, na hukuniambia."

Nilingoja aseme zaidi. Nilitamani, Mungu anajua nilivyotamani, aseme hata neno moja ambalo ningeweza kulipeleka kanisani. Aliomba maji, akanywa, akalala. Baada ya siku chache akafa asubuhi, nimemshika mkono, bila kusema lolote la dini.

Msibani ukoo ukaniomba nizungumze, kwa kuwa nilikuwa mwinjilisti na nilimuuguza. Watu walikuwa wengi, wa Genkuru na wateja wa zamani wa Kewanja. Nikasimama. Nilijua wanachotaka kusikia. Ndugu zake walokole walitaka niseme alitubu dakika za mwisho. Wengine walingoja niseme amepotea, wapate cha kunichukia. Dada yake akanisogelea akanong'ona, "Sema aliokoka, tupumzike."

Nikasema, "Mnataka niwaambie Bhoke yuko wapi. Sijui. Nimehubiri miaka yote hii, na hilo silijui. Ninachojua ni kuwa nilifika mlangoni kwake nina sanduku kichwani, nimefukuzwa kwa watu, na yeye akasema, basi ingia. Yaliyobaki namwachia Mungu, na ninamwomba awe mwema kuliko mimi." Nikakaa chini. Mchungaji alikunja uso. Hakuna aliyesema amina.

Hiyo ndiyo mbinu ya mwisho niliyo nayo, vijana. Mtaulizwa swali hilo penye kaburi, na macho yote yatakuwa juu yenu. Usichokijua, sema hukijui.

Baada ya mazishi tulikula. Mzee mmoja aliyekuwa mteja wetu, amelewa mchana kweupe, akajaribu kuomba baraka ya chakula. Akawabariki waliopika, akaibariki sufuria, akambariki mbuzi aliyechinjwa na familia yake yote, akasahau namna ya kumaliza, akasema "shikamoo" akakaa. Watu walijizuia, mabega yanatikisika. Mimi nilikunja kanga mdomoni nisicheke msibani, na nikageuka upande wangu wa kushoto, haraka, ili nimwambie Bhoke.